Kazimierz Nowak: Aliivuka Afrika mara mbili akianza na baiskeli, akapita Katanga, akafa akiwa na miaka 40

BEL-AIR, LUBUMBASHI – Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, madereva wa pikipiki wa mtaa wa Bel-Air, wale ambao Lubumbashi nzima inawaita manseba, huwa wamekwisha kuzipanga pikipiki zao kando ya barabara wakisubiri abiria. Pembeni yao hupita wanaume wakisukuma baiskeli, au kinga kama zinavyojulikana hapa, zikiwa zimebebeshwa mifuko ya makala kutoka porini. Kwa watu hawa barabara ni kazi, na kazi ni chakula cha watoto.

Wapo wengine wanaoitazama barabara kwa jicho tofauti. Ni vijana wanaoweka akiba, wanafunga mzigo mdogo nyuma ya kiti cha pikipiki na kwenda Likasi, Kolwezi au kuvuka mpaka pale Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka mjini. Hawaendi kuuza kitu. Wanataka kujua wana nguvu kiasi gani, na nchi yao inaanzia wapi na kuishia wapi.

Zaidi ya miaka 90 iliyopita, mtu mmoja alipita Katanga akiwa amebeba mambo hayo mawili kwa pamoja: njaa ya nyumbani na hamu ya kujipima. Hakuwa na pikipiki wala gari. Alikuwa na baiskeli iliyochakaa, kamera, na mke aliyekuwa akisubiri barua na watoto wawili huko Poland. Jina lake ni Kazimierz Nowak. Kati ya mwaka 1931 na 1936 alisafiri peke yake takriban kilomita 40,000 barani Afrika, kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi tena kaskazini. Hakuishi hata mwaka mmoja baada ya kufika nyumbani.

Karani aliyepoteza kazi

Nowak alizaliwa tarehe 11 Januari 1897 katika mji wa Stryj, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na leo uko nchini Ukraine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Poland ilipopata tena uhuru wake, alihamia Poznań, mji ulioko magharibi mwa nchi. Huko alipata kazi ya ofisini, akamwoa Maria, na wakajaliwa watoto wawili, binti Elżbieta na mvulana Romuald.

Maisha yangeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni. Lakini Poland ya miaka ile ilikuwa taifa changa lenye uchumi dhaifu. Fedha yake iliporomoka, viwanda vikafunga milango, na Nowak akajikuta hana kazi. Mwaka 1925 alifanya uamuzi ambao majirani wengi wangeuona wa kichaa. Alichukua baiskeli na kamera akaanza kuzunguka Ulaya, akiandika habari na kupiga picha ili kuviuzia vyombo vya habari. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalifika nyumbani.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa safari zake zote. Tangu utotoni aliota kuiona Afrika, na ndoto hiyo haikumtoka. Lakini hakuwa tajiri anayetafuta burudani. Kila alipokanyaga pedali alikuwa pia kazini. Akipata picha nzuri na habari ya kusisimua, Maria alinunua mkate. Akiugua au posta ikichelewa, nyumba nzima ilikaza mkanda.

Mwaka 1928 alifika Tripoli, katika Libya ya leo, lakini hakuweza kuendelea mbele. Fedha zilimwishia na mwili wake ukachoka, akalazimika kurudi. Kwa watu wengi huo ungekuwa mwisho wa ndoto. Yeye alirudi Poland, akakusanya nguvu, akangoja.

Novemba 1931

Aliondoka tena tarehe 4 Novemba 1931. Maria alimsindikiza kwa treni mpaka Roma, na hapo mume na mke wakaagana. Mwishoni mwa mwezi huo Nowak alishuka Tripoli kwa mara ya pili, akiwa na baiskeli yake na mzigo mdogo.

Alikuta nchi yenye majonzi. Miezi miwili tu kabla, Waitaliano walikuwa wamemnyonga Omar al-Mukhtar, mzee aliyeongoza mapambano ya Walibya dhidi ya ukoloni kwa takriban miaka 20. Jangwa lilijaa askari. Nowak alijaribu kupenya ndani kupitia Sahara, lakini wakuu wa Italia walimkatalia asiendelee, akalazimika kurudi pwani na kuifuata bahari mpaka Misri. Kutoka huko alipanda na Mto Nile kuelekea Sudan, kisha Uganda.

Njiani alilala kwenye vijiji, misheni, vituo vya serikali, na mara nyingi chini ya nyota. Baiskeli ilimbeba pale palipokuwa na njia. Palipokuwa na mchanga au tope, yeye ndiye aliyeibeba. Malaria ilimshika, ikamwacha, ikamrudia. Kila alipopata nafasi alimwandikia Maria, na barua hizo ndizo zilizobaki kuwa kumbukumbu kubwa ya safari yake, pamoja na maelfu ya picha.

Miaka ile Afrika ilikuwa imegeuzwa uwanja wa majaribio ya Wazungu na vyombo vyao. Mwaka 1924 na 1925 kampuni ya magari ya Citroën ya Ufaransa ilituma msafara wa magari 8 yenye mikanda ya mpira nyuma badala ya magurudumu, na kundi moja la msafara huo lilifika hadi Cape Town. Nyuma yake kulikuwa na kiwanda, fedha, wapishi, mafundi na watu wa filamu. Desemba 1934, wakati Nowak mwenyewe akiwa bado barani, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela. Walivuka Sahara, wakapita Kongo na Afrika Mashariki, wakaingia Cape Town mwezi Julai 1935. Wao walitaka kuthibitisha kwamba mwanamke anaweza kuendesha na kutengeneza injini sawa na mwanamume. Kiwanda kiliwapa pikipiki.

Nowak hakupewa kitu na kiwanda chochote. Mfadhili wake alikuwa kalamu yake na lenzi ya kamera. Jambo hilo lilimpunguzia chakula, lakini lilimpa uhuru. Hakuwa na bwana wa kumsifu wala bidhaa ya kuitangaza.

Njia ya wachimba shaba

Kutoka Uganda aliingia Rwanda na Urundi, nchi mbili zilizokuwa chini ya Ubelgiji, kisha Kongo yenyewe. Mwaka 1933 alikuwa akiteremka kusini kupitia Katanga kuelekea Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Njia ya kutoka Rwanda na Urundi kwenda Katanga ilikuwa na historia yake. Miaka michache kabla, kampuni ya Union Minière ilikuwa imechukua huko maelfu ya vijana kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia wa mwaka 1929 ukafika mpaka hapa. Bei ya shaba ilianguka, na kati ya mwaka 1930 na 1932 kampuni ikawaachisha kazi maelfu ya watu na kuwarudisha walikotoka. Msukosuko huo huo ndio uliozidi kuwabana wasio na kazi huko Poland. Mtu aliyepoteza ajira Poznań alikuwa akipita katika nchi ya watu waliopoteza ajira mgodini.

Makao makuu ya mkoa huo wa shaba yalikuwa Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika. Mwaka 1931 reli ya Benguela nayo ilikamilika, ikaiunganisha Katanga na bandari ya Lobito kwenye Bahari ya Atlantiki. Kwenye ramani, hapa palikuwa njia panda ya Afrika. Shaba iliweza kwenda popote.

Binadamu hakuweza. Mwafrika wa Kongo ya Wabelgiji alihitaji kibali ili atoke eneo lake na kwenda kuishi kwingine. Elisabethville yenyewe ilikuwa imegawanywa. Mji wa Wazungu ulikuwa upande mmoja na mtaa wa Waafrika upande mwingine, na katikati pameachwa eneo tupu la mamia ya mita. Usiku saa fulani ikishapita, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika mji wa Wazungu bila karatasi. Kijana wa Katanga ambaye mwaka 1933 angetaka kupanda baiskeli na kwenda Cape Town ili tu aone bahari, asingeuliza kama miguu yake inaweza. Angeanza kwa kuuliza nani atamwachia apite.

Nowak alikuwa Mzungu, na ngozi yake ilimfungulia njia ambazo wenyeji walifungiwa. Ukweli huo haufutwi na ujasiri wake. Kinachomtofautisha na wasafiri wengi wa wakati wake ni alichokifanya na nafasi hiyo. Katika barua na makala zake alilaumu waziwazi namna wakoloni walivyowatendea Waafrika. Aliona kazi ya kulazimishwa, kodi na dharau, na hakuvificha kwa wasomaji wake wa Ulaya. Poland yenyewe ilikuwa imetawaliwa na mataifa matatu ya jirani kwa zaidi ya miaka 120 mpaka mwaka 1918, na Nowak alikuwa amezaliwa chini ya utawala huo wa wageni. Hakuhitaji kufundishwa maana ya kukaliwa na mgeni katika nchi yako.

Alichokitegemea zaidi njiani ni ukarimu wa watu wa vijijini. Mtu anayepita kwa gari hupungia mkono tu. Anayekuja na baiskeli, amechoka na ana homa, hana budi kusimama, kusalimia na kuomba maji. Wengi wa watu waliompa maji hayo hawakuwa na kitu kikubwa cha kutoa.

Mwisho wa bara, nusu ya safari

Mwaka 1934 Nowak alifika Rasi Agulhas nchini Afrika Kusini, ncha ya mwisho kabisa ya bara upande wa kusini. Mbele yake palikuwa na bahari peke yake. Alikuwa amekwisha kufanya alichokuwa ameota tangu utotoni, na mtu angetegemea apande meli arudi kwa mkewe.

Hakupanda meli. Aliamua kurudi kama alivyokuja, kwa nchi kavu, akifuata upande wa magharibi wa bara. Uamuzi huo ulimgharimu zaidi ya miaka 2 mingine.

Katika Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, baiskeli iliyombeba kutoka Tripoli haikuweza tena. Alipata farasi, akaendelea naye mpaka Angola. Alipofika kwenye maji akahamia mtumbwi. Wa kwanza aliuita jina la mji wake wa Poznań, lakini safari haikuenda nao mbali. Mwingine aliupa jina la mkewe, kwa namna ya kumdekeza: Maryś. Kwa mtumbwi alishuka na Mto Kasai, akaingia Kongo kwa mara ya pili, safari hii kutokea upande wa magharibi, hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Kutoka huko alielekea Chad. Mbele yake ilikuwa imebaki Sahara, jangwa lile lile ambalo miaka 5 nyuma alikataliwa kuliingia. Safari hii alilivuka kwa ngamia. Novemba 1936 aliwasili Algiers, kwenye bahari ya Mediterania. Hapakuwa na umati wa kumpokea. Mtu aliyekuwa amevuka bara zima mara mbili, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa mtumbwi na kwa ngamia, alitafuta meli kama abiria wengine na kurudi Ulaya.

Deni la mwili

Mwishoni mwa mwaka 1936 Nowak alikuwa Poznań. Watoto aliowaacha wadogo walikuwa wamekua. Maria alikuwa amewalea kwa miaka 5 akisaidiwa na pesa chache zilizotoka kwa magazeti. Wasomaji wa Poland walizijua habari za msafiri wao, lakini kazi ya kusubiri, ambayo haikuandikwa gazetini, ilikuwa yake Maria.

Nowak alianza kuzunguka akitoa mihadhara na kuonyesha picha zake. Kumbi zilijaa. Alikuwa na mpango wa kwenda Asia baadaye. Ila mwili wake ulikuwa umekwisha kulipa gharama ambayo hakuiandika kwenye hesabu za safari. Malaria ya miaka mingi ilikuwa imemdhoofisha, na mguu wake ulikuwa na maradhi ya mfupa. Alifanyiwa upasuaji, kisha akashikwa na homa ya mapafu. Tarehe 13 Oktoba 1937 alifariki dunia mjini Poznań, akiwa na umri wa miaka 40.

Hakuwahi kuandika kitabu chake mwenyewe cha safari ile. Baada ya miaka 2 Vita Kuu ya Pili ya Dunia ililipuka, Poland ikavamiwa, na jina la Nowak likazama pamoja na mambo mengine mengi. Barua na picha zilizosalia zikawa mali ya familia. Mwaka 1962 binti yake Elżbieta alitoa kitabu cha picha za baba yake, lakini wengi walikuwa wamekwisha kumsahau.

Aliyemfufua ni mwandishi Łukasz Wierzbicki, ambaye alitafuta makala za Nowak katika magazeti ya zamani, akazikusanya na kuzitoa kama kitabu mwaka 2000. Vijana wa Poland walikipokea kwa mshangao. Mwaka 2006 bamba la kumkumbuka liliwekwa katika stesheni ya treni ya Poznań, na aliyelizindua ni Ryszard Kapuściński, mwandishi mashuhuri wa Poland aliyetumia miaka mingi akiripoti habari za Afrika, ikiwemo Kongo ya mwanzoni mwa uhuru. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, makundi ya wasafiri wa Poland yaliirudia njia ya Nowak kwa kupokezana, kipande kwa kipande, hadi wakaikamilisha.

Kinachobaki barabarani

Leo pikipiki imechukua nafasi ambayo baiskeli ilikuwa nayo enzi za Nowak. Ni chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukimiliki, kukitengeneza mwenyewe kando ya njia, na kukitumia kufika mahali ambapo gari haliwezi. Dunia nzima ina watu wanaofunga mizigo kwenye pikipiki na kuondoka kwenda kujitafuta, na baadhi yao huvuka Kasumbalesa na kupita Lubumbashi wakielekea kusini au kaskazini.

Maisha ya Nowak yanawaachia watu hao maswali mawili. La kwanza ni nani anayelipa. Katika safari yake walilipa wengi: Maria aliyelea watoto peke yake, wanavijiji waliomlisha mgeni, na mwisho mwili wake mwenyewe. La pili ni msafiri anarudi na nini. Nowak alirudi na ushuhuda kuhusu watu aliowakuta, akausema hata pale uliposhtaki Ulaya aliyotoka.

Huko Bel-Air, manseba anayewasha pikipiki alfajiri huenda hajawahi kulisikia jina lake. Lakini hesabu anayoifanya kichwani, ya petroli, ada ya shule na kilomita zilizobaki, Nowak aliifanya kila siku kwa miaka 5. Hesabu ambayo Nowak hakulazimika kuifanya ni ile ya kibali. Wazee wa mji huu, ambao mwaka 1933 walizuiwa hata kuvuka usiku lile eneo tupu kati ya mitaa miwili, hawakupata nafasi ya kuiota Cape Town. Wajukuu wao wanayo, wakipata petroli ya kufika mpakani.